Vigingi Nilivyoviosha

Nilizaliwa kisiwani. Nikisema hivyo hapa Chamwino watu hucheka, maana kwao kisiwa ni Unguja au si kisiwa. Basi wacheke. Kisiwa chetu kilikuwa kinundu cha udongo katikati ya mbuga ya Bahi. Mvua zikinyesha huko juu upande wa Kondoa, mto Bubu ulishuka na maji yote hayo, mbuga ikajaa, na kinundu chetu kikazungukwa pande zote kwa miezi mitano, mwaka mwingine sita. Aliyetaka kwenda nchi kavu alipanda mtumbwi, au alitembea maji yakiwa kifuani na mzigo kichwani. Kiangazi maji yalirudi nyuma, yakabaki madimbwi, na kati ya dimbwi moja na jingine ulitembea juu ya udongo mweusi uliopasukapasuka. Nyumba zilikuwa saba. Kufika tembe ya kwanza ya nchi kavu ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima wakati wa ukame. Wakati wa maji usiulize.

Tuliishi kwa kambare na perege. Tuliwavua kwa mitego ya migono, tukawapasua, tukawaanika juu ya matete, kisha tukawabadilisha kwa uwele na mtama. Wafugaji wa nchi kavu walikuwa wakila samaki wetu kwa siri na kututukana kwa sauti. Walituita walaji wa nyoka wa maji. Ng'ombe hatukuwa nao, na asiye na ng'ombe katika nchi ile hakuwa na mahari, hakuwa na sauti barazani, hakuwa na chochote cha kumrithisha mtu isipokuwa mtego. Ukiuliza kijana wa kwetu atakuwa nani akikua, jibu lilikuwa moja tu: atakuwa baba yake. Wengine walichoka na jibu hilo wakaenda kubeba mizigo ya misafara Kilimatinde na Mpwapwa, na waliorudi walikuwa wachache. Mimi wala sikuona ubaya wake. Baba yangu alikuwa mtu ambaye ningependa kila mtu awe yeye.

Utajiri wetu ulikuwa madimbwi, na dimbwi lilijulikana kwa kigingi. Maji yakianza kurudi, kila nyumba ilichomeka kigingi chake kwenye ukingo wa dimbwi ililogawiwa mwaka huo, na tangu hapo mguu wa mwingine haukuingia humo. Lakini makosa hutokea, na wakorofi hawakosekani. Ukikuta mtu amechomeka kigingi kwenye maji yako, hukuruhusiwa kukivunja wala kukitupa. Kukivunja lilikuwa tusi la kuleta damu. Uliking'oa taratibu, binti wa nyumba ambaye bado hajaolewa akakiosha, kisha mwenye nyumba akakipeleka asubuhi kwa aliyekichomeka na kukilaza mlangoni pake. Maana yake ilikuwa: nimekukuta kwangu, sina hasira, toka tuongee. Naye alipaswa kutoka na kuongea. Kigingi kilichopelekwa na matope yake kilimaanisha umekuja kwa shari. Kadiri kilivyokuwa safi ndivyo heshima ilivyokuwa kubwa.

Walioshindwa kuelewana walimletea baba yangu kigingi. Baba aliweza kushika kigingi mkononi, akakigeuzageuza, akakwambia kilisimama wapi na kilizama kiasi gani, hata kama wewe mwenyewe umekuja na uongo wako. Sisi wanawe alitufundisha. Alikuwa akitutupia vijiti vitano vitano tukiwa wadogo na kutuambia kila kimoja tukirudishe kwenye tundu lake. Wenzangu waliona adha. Mimi niliona mchezo mtamu kuliko yote.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa miaka michache kabla ya Wazungu kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mjerumani ametawala, reli inatoka pwani, na habari zake tulizisikia kama tunavyosikia habari za nchi nyingine. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, madimbwi yamebaki madogo, samaki wamebanana humo, ndio wakati wetu wa kushiba. Asubuhi moja mama alikwenda kwenye dimbwi letu akarudi na mgono mtupu. Mama alikuwa mtu wa maneno machache sana. Alisema tu, "Kuna kigingi kwetu."

Tulikwenda kuangalia. Hakikuwa kimoja. Vilikuwa mstari mzima, umenyooka kutoka upande wa mawio, umepita ukingoni mwa dimbwi letu, la shangazi, la jirani, madimbwi yote saba bila kumwacha hata mmoja, ukaelekea machweo. Vigingi vya mti mweupe, vimechongwa vizuri, kila kimoja kimekatwa bapa upande mmoja, na kwenye ubapa kuna michoro myeusi. Vimechomekwa kwa ufundi. Tulivihesabu, vikawa thelathini na vinane.

Leo mtoto wa darasa la kwanza angejua kwamba hivyo ni vya Mzungu mpimaji na angevikwepa kama nyoka. Sisi tulijua ni vya Mzungu. Wafugaji walishatuambia amepiga hema chini ya vilima, ana askari, ana kioo cha miguu mitatu anachochungulia. Tatizo letu halikuwa kutojua ni vya nani. Tatizo letu ni kwamba tulijua kigingi kwenye maji ni nini. Kwetu palikuwa na jambo moja tu ambalo mtu aliweza kulisema kwa kigingi, nalo ni kwamba dimbwi hili ni langu. Mzungu huyu alikuwa amesema madimbwi yote saba ni yake.

Wanaume wawili walitaka vichomwe moto. Baba akakataa katakata. Alisema huyu ni mgeni, hajui migawo ya mwaka huu, na pengine hakuna aliyemwambia. Atendewe kama mtu. "Ving'oeni, vioshwe, tumpelekee," alisema. "Akija kuongea tutampa sehemu, samaki wapo." Mpaka leo najivunia maneno hayo, na mpaka leo yananiuma.

Vikang'olewa. Binti asiyeolewa pale kisiwani nilikuwa mimi, kwa hiyo vikaletwa kwangu, nikakaa navyo ukingoni mwa dimbwi kutwa nzima. Niliviosha matope. Kisha nikaona ile michoro myeusi, nikaona ni uchafu, nikachukua mchanga nikaanza kusugua. Haikutoka kirahisi. Mama alipita akaniambia, "Inatosha." Haikunitosha. Nilikuwa na miaka kama kumi na sita, nimepewa kazi ya kuosha heshima ya watu wa nyumba saba mbele ya Mzungu, na nilitaka asikute doa. Nikasugua mpaka vidole vikachubuka. Jua lilipoanza kuinama vigingi vyote thelathini na vinane vilikuwa vyeupe, hakuna hata nukta. Nilivipanga nikavitazama nikajiona nimefanya kazi ambayo hakuna binti aliyewahi kuifanya. Kweli hakuna.

Jogoo wa kwanza alipowika baba alivifunga mafungu mawili kwa kamba ya ganda la mti. Fungu moja alibeba yeye, jingine mimi. Tulifika hemani jua bado la asubuhi. Askari wawili walikuwa wanaota moto, mmoja mtu mzima mwenye mvi ndevuni, aliyekuwa akijua Kijerumani na ndiye aliyekuwa mdomo wa Mzungu. Baba alikuwa na Kiswahili alichokiokota kwenye misafara. Mimi nilikuwa nacho kidogo, cha kubadilishia samaki. Baba aliwasalimu, akapita, akaanza kulaza vigingi kimoja kimoja mbele ya mlango wa hema, kwa adabu, bapa zikitazama juu. Yule askari alisimama. Sura ilimbadilika.

"Mzee," alisema, "umefanya nini?"

"Nimemletea bwana vitu vyake," baba akajibu. "Tumevikuta kwetu. Hatuna hasira."

Askari alishika kigingi kimoja, akatazama bapa, akakiweka chini, akashika kingine.

Mzungu akatoka. Alikuwa kijana, amekonda kwa homa, macho yamemwiva. Alitazama vile vigingi kwa muda mrefu. Alipiga magoti akavipekua kama mtu anayetafuta sindano, akigeuza kimoja baada ya kingine, na kila alipogeuza hakukuta kitu. Kisha akakaa palepale chini kwenye vumbi na kushika kichwa. Nilidhani analia. Aliponyanyuka hakuwa analia. Alipiga ukelele ambao mpaka wapagazi waliokuwa mbali na hema waliusikia, na kabla sijaelewa, baba alikuwa amelazwa kifudifudi na yule askari wa pili amekwishashika kiboko.

Walimpiga. Sitasimulia hilo kwa urefu, maana baba asingependa. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, na alipofika kumi na tano aliacha kuhesabu lakini wao hawakuacha.

Baadaye askari wa mvi alitueleza. Kile hakikuwa kigingi cha kusema hapa ni kwangu. Reli itapita pale, na ardhi ya mbuga iko chini, itabidi wainue tuta. Kichwa cha kila kigingi ndicho kilichosema tuta liinuke kiasi gani mahali hapo. Vingine virefu, vingine vifupi, vingine vimezamishwa zaidi, na ile michoro ndiyo iliyosema hiki ni cha wapi. Mzungu alikuwa ameifanya kazi hiyo wiki tano, na homa yake. Mkubwa wake anaisubiri. "Na sasa," alisema, akinitazama mimi na vidole vyangu vilivyochubuka, "vyote vimekuwa vijiti."

Mzungu alisema jambo, naye akatutafsiria. Baba atabaki pale amefungwa. Kesho jua likiinama Mzungu atakwenda mbugani na kioo chake na kitabu chake, maana kitabuni ameandika kila kichwa. Akikuta kila kigingi kimesimama kwenye tundu lake kwa kimo chake, baba atafunguliwa. Akikuta hata kimoja kimekosewa, baba atatiwa mnyororo na kupelekwa kwenye machimbo ya kokoto ya reli. Tulishawasikia waliopelekwa huko. Hatukuwahi kumsikia aliyerudi.

Baba alikuwa amefungwa kwenye mti wa hema, mgongo wake siutaji. Aliniambia kwa lugha yetu, "Usivikimbilie. Umesikia? Usivikimbilie." Nikajitwika mafungu yote mawili nikarudi peke yangu. Njia nzima nililia, na kila nilipolia niliviona vidole vyangu vikisugua.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama upande wa kaskazini. Huko kwenye vilima vya Kondoa kulikuwa kumefunga, weusi umeshuka mpaka chini. Kila mtu alikuwa amekwishaona. Mvua ikipiga kule leo, Bubu hutufikia kesho. Maji yakishaingia mbugani, udongo ule hugeuka uji na tundu lolote hufumba.

Usiku ule hakulala mtu, lakini hakuna cha kusimulia. Kulipopambazuka watu wa nyumba zote saba walikuwa wamesimama mbugani wakinisubiri mimi, maana mimi ndiye niliyejua mchezo wa baba kuliko wote. Matundu yalionekana vizuri, thelathini na manane, kila moja na kingo zake kali. Vigingi vilikuwa bado vina unyevu wa kuoshwa, vimebanana kwenye mafungu siku mbili, na vyote vilikuwa vyeupe sawasawa. Mama alishika kimoja akaelekea tundu la kwanza.

"Mama, hapana," nikasema. "Vikilowa hivi vinafanana vyote. Tuvianike kwanza."

"Tuvianike?" akasema shangazi yangu, akionyesha kaskazini. "Wewe huoni?"

Nilikuwa naona. Lakini nilijua jambo ambalo baba alinifundisha: udongo wa mbuga yetu huingia ndani ya mti, na hata ukisugua vipi, mti ukikauka kabisa sehemu iliyokuwa chini ya ardhi hurudi kuwa ya kijivu. Hapo utaona kilizama mpaka wapi. Ukiwa na maji hauonyeshi kitu. Nikavitandaza vyote juu ya matete, nikakaa kando yake. Jua lilikuwa linaingia mawinguni na kutoka. Kila lilipoingia watu walipiga kelele kwa mashaka. Shangazi alisema nimeshamuua kaka yake mara moja kwa kuosha, sasa namuua mara ya pili kwa kuanika. Niliendelea kutazama vigingi. Mama alikuja akakaa nami, akaanza kuvigeuza vigingi kimoja kimoja kama anavyogeuza samaki, ili vikauke pande zote.

Jua lilipokaribia utosi, kijivu kikaanza kutokea. Kwanza kimoja, kidogo tu, kama kivuli. Kisha vingine. Niliruka nikapiga vigelegele peke yangu.

Tukaanza. Nilikuwa napitia matundu nikilala kifudifudi, natia kidole ndani nasikia umbo la ncha. Vingine vilichongwa pande tatu, vingine nne, vingine shoka lilikwenda upogo likaacha jino. Nilikuwa nataja, "Pande nne, jino kushoto, kina cha kiganja na nusu," na wao walitafuta kwenye matete mpaka wakakipata, wakaniletea, nikakiingiza taratibu bila kukigonga. Kikiwa chenyewe kilikaa kama mguu ndani ya unyayo wake. Kisipokuwa chenyewe kiligoma, nikakitoa. Kijivu kikifika sawa na uso wa ardhi, nilijua kimo ni chake. Tulifika kumi. Tukafika kumi na tisa. Magoti yangu yalikuwa yanatoka damu.

Tulipokuwa kwenye kigingi cha ishirini na saba vyura walianza. Kwetu vyura wakianza mchana kweupe hakuna haja ya kuuliza. Niliinua kichwa nikaona ule utando unaong'aa upande wa kaskazini, unatambaa chini kwa chini, hauna haraka, unaingia kila ufa wa udongo na kutoa mapovu. Watoto walianza kukimbilia kisiwani. Mama aliwafokea wanaume, nami sikuwahi kumsikia mama akifoka: wakate udongo waweke kijituta mbele ya matundu yaliyobaki. Walichimba kwa mikono. Kilitupatia muda wa vigingi sita. Kisha kikabomoka.

Vitano vya mwisho niliviweka ndani ya maji. Vifundoni, kisha chini ya goti. Tundu nilikuwa nalitafuta kwa kidole cha mguu, nikilipata nasimama juu yake nisilipoteze, na mama ananipa kigingi. Cha mwisho kilikuwa cha mwisho, kwa hiyo hakikuwa na mashindano, lakini tundu lake lilikuwa limeanza kulegea na kigingi kiliyumba. Nilikishika kwa mikono miwili nikapiga magoti majini, kijivu chake kikiwa sawa na udongo, nikabaki hivyo. Nilijiambia sitakiachia hata nikifa.

Na hapo wakaja. Mzungu juu ya machela iliyobebwa na wapagazi wanne, askari wawili, na baba nyuma yao amefungwa kamba kiunoni. Walisimama mahali palipoinuka. Mzungu alishuka, akasimamisha kioo chake cha miguu mitatu, akafungua kitabu. Mpagazi mmoja alitembea na fimbo ndefu yenye mistari, akaisimamisha juu ya kichwa cha kigingi cha kwanza. Mzungu akachungulia. Akatazama kitabu. Akainua mkono: endelea.

Sijui kama kuna jambo refu duniani kama zile mara thelathini na nane. Kila fimbo iliposimama mimi niliacha kupumua. Cha nane alichungulia mara mbili, akafuta kioo, akachungulia tena, nikaona baba amefumba macho. Kisha mkono ukainuka. Maji yalikuwa yananipanda. Mpagazi alipofika kwangu fimbo ilisimama karibu na uso wangu, na nilikuwa natetemeka kwa baridi kiasi kwamba niliogopa kigingi nacho kitatetemeka. Nikauma meno. Mkono wa Mzungu ukainuka.

Alifunga kitabu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akamwambia askari wa mvi amfungue baba, na kamba ikaanguka, na watu wa nyumba saba tukapiga kelele majini kama wendawazimu. Mama alikaa chini palepale, maji yakamfika kifuani, akafunika uso. Mimi nilikuwa nakimbia, naanguka, nainuka, mpaka nikafika miguuni pa baba. Alikuwa amevimba uso, lakini alinishika kichwa. Tulikuwa tumeshinda. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Mzungu alisema kitu. Askari wa mvi akanigeukia mimi, akauliza taratibu, na nakumbuka hakutaka kuuliza. "Bwana anauliza, kazi hii mmefundishwa na nani?"

Baba alinibana bega. Nilidhani ni furaha. Alitingisha kichwa kidogo, nikadhani anaona haya kusifiwa mbele ya watu, maana ndivyo alivyokuwa. Nami nilikuwa nimejaa fahari. Nilitaka yule Mzungu aliyempiga baba yangu kama mbwa ajue amempiga nani.

"Na huyu," nikasema, kwa Kiswahili changu kile cha samaki. "Baba yangu. Hakuna kigingi asichokijua. Sisi ni watoto tu, yeye ukimletea hivi viwe mia, vilowe, viwe vichafu, atakwambia kila kimoja kwake ni wapi."

Askari alimtazama baba kwanza. Mzungu akamhimiza. Akatafsiri.

Mzungu alimtazama baba upya, juu mpaka chini, jinsi watu wa nchi kavu wanavyomtazama dume kabla ya kubadilishana. Akasema maneno machache, akaanza kukunja miguu ya kioo chake. "Bwana anasema huyu anakwenda naye," askari akatuambia. "Mbele huko kuna mbuga nyingi mpaka Tabora, na wapagazi wake wanapoteza vigingi. Si mnyororo. Atakula, atapewa nguo." Baba alisema ana mke na watoto. Askari hakutafsiri. Alisema tu, "Mzee, usimfanye aulize mara mbili."

Baba hakuruhusiwa hata kuvuka kwenda kumuaga mama, maana maji yalikuwa yanazidi na Mzungu alitaka kuondoka. Alinishika mikono yote miwili, akavitazama vile vidole. Akasema, "Migono ya upande wa machweo itoeni leo leo, maji ya mwaka huu makubwa." Wakamtwika ile miguu mitatu ya kioo begani, juu ya mgongo ule, wakaenda.

Reli haikupita pale. Maji ya mwaka ule yaliwatisha, wakaisogeza nchi kavu, na vigingi vyangu vilioza vikiwa vimesimama sawasawa kila kimoja kwenye tundu lake. Kuhusu baba tulisikia mara mbili. Mtu wa msafara alisema amemwona karibu na Tabora ameshika fimbo yenye mistari. Mwingine alisema amemwona mbele zaidi, anaumwa. Mwaka wa tatu tuliacha kuuliza, kisha vita vikaja na hakukuwa na wa kumuuliza.

Mama hakunilaumu. Nilimwambia yote siku ileile, niliyoulizwa na nilivyojibu, nikasubiri anipige, hakunipiga. Lakini tangu siku ile, mtu yeyote akiniuliza jambo mbele ya mama, hata mgeni anayeuliza njia, mama alijibu yeye. Alijibu upesi, yeye asiyependa kuongea, kabla sijafungua kinywa. Hata siku niliyoposwa, wazee waliponigeukia kuniuliza kama nimemkubali mwanaume aliyekuja, nilivuta pumzi niseme, na mama alikuwa amekwishasema.